Neno Mbele, Pesa Nyuma

Leo tuongee kuhusu daftari la michango kwenye kompyuta.

Tuseme ni kikundi cha akina mama pale Kibokoni, Mji wa Kale. Kila mmoja hutoa shilingi 200 kwa wiki. Mweka hazina akiandika "amelipa" au "bado", watu wataelewa, lakini kompyuta haijumlishi maneno. Na aliyeleta 100 je? Akiandikiwa "bado", mia yake haimo kwenye jumla, na hapo ndipo ugomvi huanza.

Dawa ipo. Katika Excel, andika kiasi chenyewe: 200, 100, au 0 kwa ambaye hajatoa. Kisha chagua visanduku hivyo, bonyeza Ctrl pamoja na 1, fungua Number, halafu Custom, na kwenye nafasi ya Type andika hivi:

[>=200]"Amelipa";[>0]"Hajamaliza";"Bado"

Kila kisanduku sasa kitaonyesha neno, lakini ndani mna pesa ileile, na SUM itaijumlisha. Jumla nayo ikionyesha "Amelipa" badala ya kiasi, kirudishe kisanduku hicho kwenye Number.

Lakini tahadhari: karatasi ikichapwa, maneno ndiyo yatakayoonekana, si shilingi. Kwa hiyo msiache kuandika stakabadhi, na siku ya mkutano mweka hazina asome kiasi cha kila mmoja mbele ya wote. Ukibofya kisanduku, kiasi huonekana kwenye mstari wa juu. Aliyetoa mia aione mia yake.