Je, raha inaletaka huzuni? Kile riposti ilinifundisha

Wandugu, juzi tulikuwa kwenye kilio hapa Butembo, na mzee mmoja akasema: «Vijana wa leo wanaumwa mawazo juu ya raha mingi. Sisi tulilalia mikeka na tulikuwa tunacheka.» Watu wote wakaitika. Mimi nikanyamaza, juu kuna miaka miwili ya maisha yangu yenye inampa yule mzee haki, lakini nusu tu.

Mnakumbuka. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, ikiwa imeanzia Mangina. Ikafika Beni mjini, kisha Butembo, na ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Ilichukua watu zaidi ya 2,200. Pamoja na msiba ule kulikuja pesa. Wasomi wenye walikuwa wanauza inite pembeni ya barabara wakapata kontra za riposti: kupima joto, kunawisha watu mikono, kuhamasisha, kuendesha gari. Nilikuwa bado mwanafunzi wa agronomia, nikaingia katika uhamasishaji. Kile nilipata kwa mwezi mmoja kilipita kile baba yangu, mwalimu, alikuwa anapata kwa miezi kadhaa. Nikapanga nyumba ya karo, nikanunua godoro nzuri, televizyo na pikipiki.

Nilikuwa na huzuni? Niseme ukweli: hapana. Miezi ya kwanza nililala vizuri kuliko siku zote, juu mdogo wangu wa sekondari hakufukuzwa tena kwa ajili ya minervali. Mtu mwenye anasema pesa haina faida hajawahi kutoshwa katika mtihani.

Kisha godoro ikawa godoro tu. Wenye kusoma saikolojia wanaita jambo hilo kuzoea: akili inapokea kitu kipya kwa furaha, kisha inakihesabu kuwa cha kawaida, na kuanzia pale inakisikia tu siku kinapokosekana. Mwaka 1974 mwanauchumi Mmarekani, Richard Easterlin, alionyesha jambo la karibu na hilo: ndani ya nchi moja, matajiri wanajisema wenye furaha kuliko maskini, lakini nchi nzima ikitajirika kwa miaka mingi, furaha ya watu haipandi pamoja na mali. Wachumi wengine wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo.

Halafu kulikuwa jirani. Rafiki yangu alipata kontra nzuri kuliko yangu, wakamtuma kila asubuhi jipu ya kumchukua. Basi mimi, mwenye mwaka mmoja nyuma nilikuwa natembea kwa miguu, nikaanza kujiona maskini juu ya pikipiki yangu mwenyewe! Kumbe si mimi peke yangu. Huko Kenya, katika Rarieda, karibu na ziwa Victoria, shirika GiveDirectly liligawa pesa za bure kwa familia zilizochaguliwa kwa bahati. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakafuata matokeo. Wenye walipewa wakawa na furaha zaidi. Lakini majirani wenye hawakupewa wakaridhika na maisha yao kidogo kuliko mbele. Hakuna mtu aliwaibia. Jirani tu ndiye aliezeka bati jipya.

Sehemu mzee hakuona ni hii: mimi sikuugua wakati wa raha, niliugua ilipokatika. Kontra zikaisha, nikauza pikipiki kwa hasara, nikarudi kwa baba na godoro yangu kichwani, mchana, watu wakiangalia. Wiki nyingi niliamka saa tisa ya usiku, chakula hakikupita, niliwakwepa hata marafiki. Huzuni ya siku mbili tatu si ugonjwa. Ikifika wiki mbili, karibu kila siku, ikikunyima usingizi na hamu ya vitu ulikuwa unapenda, hiyo inapelekwa kwa daktari, haiponi kwa hotuba ya mikeka.

Sisi wa agronomia tunajua mche wa kakao unakomea kwenye kivuli. Ukikitosha chote siku moja, majani yanaungua. Sijasikia mkulima akisema kivuli njo kiliua mche.

Ninaandika haya sasa juu ya kakao yenyewe. Mwaka 2024 bei yake kwenye soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa toni, na huku Beni wengi wakaanza kuota karo kama mimi zamani. Mwaka 2025 ikaanguka. Tena kuna wenye shamba lao liko nyuma, porini, hawawezi kulifikia juu ya wauaji. Ukimwona mmoja wao mjini amekaa kimya mbele ya televizyo kubwa, usiseme ni raha inamsumbua.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa upande wa Mavivi, mwenye aliuza vizuri mwaka ule, aliniuliza kama auze pikipiki yake. Nilimuuliza kwanza kama analala.