Mgoto wa Metronomu katika Kanda ya Kaseti

Katika Usukuma ngoma haikuwekewa saa za mapumziko tu. Wachezaji wa bugobogobo hutumia majembe yao kwa kufuata mapigo, na vikundi vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa vizazi kadhaa mbele ya watazamaji. Mwenye kushika wakati hapo ni mpiga ngoma, na mikono ya wengine humfuata. Basi mtu akitaka kunasa muziki wa namna hiyo sehemu moja moja, tuseme ili wanafunzi wa Shinyanga wajifunze kila ngoma peke yake, huwa amemwondoa mshika wakati mbele ya wenzake. Nani atashika nafasi yake?

Swali hilo halikuwasumbua wengi wakati bendi zilipokuwa zikipiga kwa pamoja mbele ya mikrofoni, kama zilivyofanya nyingi katika studio za Redio Tanzania miaka ya 1970. Lakini mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani ilitoa Portastudio, kinasa sauti cha kaseti chenye njia nne. Kaseti ya kawaida hubeba njia mbili kwa kila upande. Mashine hii ilizitumia zote nne kwa mwelekeo mmoja, katika kanda yenye upana usiofika milimita 4. Mwanamuziki aliweza kunasa sehemu ya kwanza, kisha akaisikiliza huku akinasa ya pili.

Jibu la haraka ni metronomu, chombo ambacho Johann Maelzel alikipatia hataza mwaka 1815. Wazo lake kuu, yaani pendulamu yenye uzito pande zote mbili za egemeo, ambayo hubembea polepole ingawa ni fupi, lilikuwa la Dietrich Winkel wa Amsterdam. Lakini haifai kukiweka chombo hicho mezani na kukiacha kigote wakati kila sehemu inaponaswa, kwa maana kanda si saa.

Portastudio iliendesha kanda kwa sentimita 9.5 hivi kwa sekunde, maradufu ya kasi ya kawaida. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo na pigo hutengana juu ya kanda kwa sentimita 4.75 hivi. Sasa tuchukulie kwamba siku ya pili mota inazunguka polepole kwa asilimia 1 tu. Sauti zitashuka kwa kiasi cha sehemu moja ya sita ya nusutoni, na masikio mengi hayatatambua. Hata hivyo, wimbo wa dakika 4 utarefuka kwa sekunde 2.4, na metronomu ya mezani itakuwa imeachana nao kwa karibu mapigo matano! Kwa hiyo hapana budi mgoto unaswe kwanza katika kanda yenyewe. Kanda ikichelewa, nao huchelewa pamoja nayo. (Katika kompyuta taabu hii haipo, kwa kuwa saa moja ya fuwele huongoza mgoto na unasaji pia.)

Njia inayofaa kwa mgoto ni ya pembeni, yaani ya nne, kwa sababu sauti huvuja kidogo kuingia njia jirani. Njia ya tatu ipewe ngoma yenye kishindo, wala isipewe sauti nyororo ya mwimbaji. Mgoto huvuja pia kutoka katika visikilizio vya masikioni hadi kwenye mikrofoni. Dawa yake ni kupunguza sauti na kuvibana vizuri.

Kwa kwaya au gitaa utaratibu huu unatosha. Kwa bugobogobo hautoshi. Mpiga ngoma akiona wachezaji wamechangamka na kuongeza mwendo, metronomu haitamfuata, na kumlazimisha aifuate ni kunasa kitu kingine kabisa. Huyo anaswe kwanza, bila mgoto wowote, ikiwezekana akiwatazama wachezaji. Kisha mwenzake asikilize ngoma hiyo na kugonga bamba la jembe kwa kila pigo, ili mlio huo mfupi na mkali unaswe katika njia ya nne. Wengine wote watafuata jembe. Njia mbili za katikati zikishajaa, mlio wa jembe waweza kufutwa na kiongozi wa wimbo akapewa njia hiyo, ila baada ya hapo atakayeongeza sehemu nyingine hana tena cha kumwongoza isipokuwa ngoma yenyewe.