Sura ya Tano: Desemba Mbili za Tanganyika

Muulize mtu yeyote mjini, Tanganyika iliachana lini na Waingereza, atakujibu bila kusita: tarehe 9 Desemba 1961. Jibu ni sahihi, ila ni nusu yake. Siku iliyofuata mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia Elizabeth wa Pili, na katika jumba la ufukweni, hatua chache kutoka Posta, alikuwa bado anakaa Sir Richard Turnbull, gavana wa juzi aliyegeuka kuwa Gavana Mkuu. Julius Nyerere alikuwa Waziri Mkuu. Hata katiba ya nchi ilikuwa amri iliyotolewa London. Jamhuri ilisubiri mwaka mzima, hadi 9 Desemba 1962. Kujitoa katika dola ni kazi moja, kuunda jamhuri ni kazi nyingine, na Dar es Salaam kazi hizo zilifanyika katika vitongoji viwili tofauti: ya kwanza Kariakoo, ya pili Posta.

Umbali wenyewe ni mfupi, daladala huumaliza upesi kama hakuna foleni. Lakini wakoloni waliupa uzito. Ufukweni palikuwa Uzunguni, katikati ya mji Uhindini, na kuanzia Kariakoo kwenda mbele Uswahilini, huku kiwanja cha Mnazi Mmoja kikiachwa wazi ili kuwatenga Waafrika na wengine. Kariakoo ndiko walikopangwa wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mtaa ukabaki na jina lao.

Hapo ndipo, mwaka 1929, ilipoanzishwa African Association. Ofisi yake ya New Street, mtaa ambao leo ni Lumumba, wanachama waliijenga kwa kujitolea. Hawakuwa wanamapinduzi. Walikuwa makarani, walimu na wafanyabiashara wadogo, watu wa kuandika barua kwa serikali na kusubiri majibu. Kilichowapa nguvu ni mtaa uliowazunguka. Makuli wa bandarini waliogoma mwaka 1947 walilala Kariakoo, na mama ntilie aliyewalisha alinunua unga wake Kariakoo. Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist Sykes aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa chama, alikuwa msimamizi wa soko. (Ni soko la zamani, si lile jengo lililosanifiwa na Beda Amuli tunalolijua sasa.) Kwa mwanasiasa, kazi gani ingekuwa bora kuliko hiyo? Wenye mizigo kutoka mikoani walipita mbele yake kila siku, pamoja na habari zao.

Tarehe 7 Julai 1954, katika jengo la New Street, wajumbe 17 waliigeuza Tanganyika African Association (TAA), chama kilekile kwa jina jipya, kuwa TANU. Nyerere, mwalimu wa Pugu aliyekuwa rais wa TAA tangu 1953, akachukua kadi namba moja, na Ally Sykes, mdogo wake Abdulwahid, akachukua namba mbili. Muda mfupi baadaye aliingia Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na vikundi vya ngoma vya akina mama vikawa njia ya kusambaza kadi. Mikutano ya hadhara ilifanyika Mnazi Mmoja, kwenye kiwanja kilekile kilichoachwa wazi kwa ajili ya kutenga.

Kwa nini hawakushika bunduki, kama Wamarekani walivyofanya mwaka 1775, au kama wapiganaji wa Mau Mau jirani Kenya? Mara nyingi jibu linalotolewa ni upole wa Nyerere. Upole ulikuwepo, lakini mimi naupa uzito zaidi mkataba. Kisheria Tanganyika haikuwa koloni. Baada ya Mjerumani kushindwa, Uingereza ilikabidhiwa nchi hii na Shirikisho la Mataifa, na kuanzia 1946 iliitawala kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Mdhamini alitakiwa kutoa taarifa New York, na kila baada ya miaka mitatu ujumbe ulikuja kukagua. Wameru walikuwa wa kwanza kuijaribu njia hiyo: walipofukuzwa kwenye ardhi yao ya Ngare Nanyuki mwaka 1951, walimtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudi, lakini njia ilijulikana. Nyerere aliipita tarehe 7 Machi 1955, mbele ya Baraza la Udhamini, baada ya ujumbe wa 1954 kutamka kwamba nchi ingeweza kujitawala katika miaka 20 hadi 25. Gavana Twining aliona hata makadirio hayo ni ya haraka mno. Ilichukua saba.

Twining alikuja na jambo lake, kura tatu. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na mpiga kura mwenyewe sharti awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambulika. Nchi yenye Wazungu wachache mno ilikuwa inaambiwa kwamba jamii tatu zina uzito sawa. Wana-TANU wengi walitaka kususia. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulikaribia kukipasua chama, na Zuberi Mtemvu alijitoa kwenda kuanzisha chama chake, African National Congress. Nyerere alishikilia kwamba wasusiaji wangeuacha uwanja kwa United Tanganyika Party, chama kilichopendwa na serikali. Basi TANU iliingia na kuwaunga mkono Wazungu na Wahindi waliokubaliana nayo, akina Derek Bryceson, Amir Jamal na Sophia Mustafa. Mtego wa Twining ukanasa upande wa pili: viti vyote vitatu vya kila jimbo vilikwenda kwa watu wa TANU au marafiki zake. Katika uchaguzi wa 1960 wagombea wa viti 58 kati ya 71 walipita bila kupingwa, na TANU ikachukua viti 70.

Hapo kazi ya Kariakoo ilikuwa imekwisha. Machi 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alikuja Karimjee Hall, upande wa Posta, na tarehe ya uhuru ikapangwa kwenye mkutano wa siku chache.

Jamhuri nayo ilitengenezwa mle mle Karimjee. Mwaka 1962 Bunge lilijigeuza kuwa Bunge la Katiba na kupitisha katiba ya kwanza iliyotungwa nchini. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba wananchi hawamwelewi mkuu wa nchi asiye na madaraka, kwa hiyo Rais awe mkuu wa nchi na mkuu wa serikali kwa pamoja. Hoja ina mantiki. Lakini ndani ya ukumbi hakukuwa na upinzani wa kuuliza maswali magumu, na sura ya haki za raia haikuwekwa. Majaji wengi walikuwa bado wageni, na serikali haikutaka wawe waamuzi wa mipango yake. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mtemvu aligombea urais dhidi ya Nyerere mwezi Novemba akapata kura elfu ishirini na moja na kidogo, dhidi ya kura zaidi ya 1,100,000 za Nyerere.

Ukiilinganisha katiba ya 1962 na mamlaka ya gavana wa zamani, utaona kwamba mengi yalihamia kwa Rais, na jengo likawa lilelile, Ikulu. Gavana, angalau, alikuwa na wakubwa London. Kwa Rais iliandikwa kwamba katika kutekeleza kazi zake hatalazimika kufuata ushauri wa mtu yeyote. Muungano na Zanzibar wa 26 Aprili 1964 uliendeshwa kwa katiba hiyohiyo iliyorekebishwa, ikafuata katiba ya muda ya 1965, kisha ya 1977 tunayoitumia. Masharti yale ya ushauri yamo humo hadi leo, katika Ibara ya 37.