Barabara za Baiskeli katika Bonde la Oisans

Kusini-mashariki ya Ufaransa, katika milima ya Alpi, liko bonde liitwalo Oisans, lipitiwalo na mto Romanche; na katikati ya bonde hilo umekaa mji mdogo wa Le Bourg-d'Oisans, ulio kiasi cha mita 720 juu ya usawa wa bahari. Mgeni afikapo hapo hustaajabu kuona kwamba ardhi ya bondeni ni tambarare kabisa, ilhali pande zote majabali yamesimama wima. Sababu yake ni ya kale. Mwaka 1191 mawe na udongo viliporomoka vikauziba mto katika korongo lililo chini ya mji, maji yakajikusanya yakawa ziwa, na ziwa hilo likadumu hata Septemba 1219, lilipovunja kizuizi chake na kuugharikisha mji wa Grenoble, roho za watu zikapotea. Tope lililotuama humo, likiongezwa juu ya lile la maziwa ya zama za barafu, ndilo lililolisawazisha bonde.

Katika umbo hilo la nchi ndimo inamotoka kanuni ya kila mwendesha baiskeli aendaye Oisans: akiuacha mji, isipokuwa ameufuata mto kuteremka nao, hana budi kupanda. Na barabara azipandazo hazikujengwa kwa ajili ya michezo. Zilikatwa katika mwamba na watu waliotaka kuvifikia vijiji vyao, malisho yao na jirani zao wa bonde la pili. Na sisi tuzipitiao leo kwa furaha tunafaidi jasho la watu ambao aghalabu hata majina yao hayakuandikwa popote.

Iliyo mashuhuri kupita zote ni ile iendayo Alpe d'Huez, yenye urefu wa kilomita 13.8 na kona 21 za kujipinda. Wastani wa mwinuko wake ni takriban mita 8 kwa kila mita 100 za mwendo, na sehemu za mwanzo, kabla misuli haijapata moto, huzidi 10. Kona hizo ndizo hekima ya wajenzi: mlima ambao haukweleki kwa kuukabili uso kwa uso hukweleka ukizungukwa, kwa maana njia ikirefushwa, ukali wa mwinuko hupungua. Fauka ya hayo, penye kona yenyewe mwinuko hulegea kidogo, na mpandaji hupata wasaa wa kuvuta pumzi. Kona zimehesabiwa kinyume, 21 ikiwa chini na 1 ikiwa juu, hata kila kibao apitacho mtu kinampa habari njema kwamba mashaka yamepungua. Barabara inapita kijiji cha La Garde, kisha kijiji cha Huez chenyewe. Na huko juu, mahali paitwapo Brandes, watu walichimba fedha katika karne za kati, muda mrefu kabla mtu yeyote hajaota ndoto ya baiskeli.

Mashindano ya baiskeli ya Tour de France yalifika hapo mara ya kwanza mwaka 1952, na huo ndio mwaka ambao mwisho wa mwendo wa siku uliwekwa juu ya mlima kwa mara ya kwanza katika tarehe ya mashindano hayo. Mtaliani Fausto Coppi ndiye aliyeshinda, na jina lake limeandikwa katika kona ya 21, kama vile majina ya washindi waliomfuata yalivyoandikwa katika kona nyingine. Baina ya mwaka 1976 na 1989 Waholanzi walishinda hapo mara 8, wao ambao nchi yao haina milima, na hadi leo wenzao hujazana kwenye kona ya 7 kuwashangilia wapandaji.

Nasi wa Afrika ya Mashariki tuna sehemu yetu katika habari hii. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, na ambaye katika ujana wake alipanda vilima vya Kikuyu akiongozwa na Mkenya David Kinjah, alishinda Tour de France mara 4. Mwaka 2013 Alpe d'Huez ilipandwa mara mbili katika siku moja, naye alikuwa amevaa jezi ya manjano ya aongozaye mashindano. Na mwaka 2015, siku moja kabla ya mashindano kumalizika Paris, alishambuliwa hapo na Nairo Quintana wa Kolombia, akapoteza muda mwingi, lakini jezi haikumtoka. Wanawake nao walipata fahari yao katika Tour de France yao ya mwaka 2024, wakati Demi Vollering aliposhinda kileleni, ilhali ushindi wa mashindano yote ulimwendea Kasia Niewiadoma kwa tofauti ya sekunde 4 tu.

Hata hivyo, mwenye kuijua Oisans kwa Alpe d'Huez pekee ameijua nusu. Upande wa kaskazini, kutoka Allemond, barabara hupanda kuelekea mapito mawili ya milimani yaliyo jirani, Glandon lenye mita 1,924 na Croix de Fer lipitalo mita 2,060. Njiani iko hadaa ya kuvunja moyo, kwani baada ya kupanda sana barabara hushuka ghafla korongoni, kisha ikadai upya kila mita uliyoipoteza. Hapo juu ya njia umejengwa ukuta wa bwawa la Grand'Maison, ambalo maji yake huteremshwa kufua umeme na kupandishwa tena kwa pampu umeme unapokuwa mwingi kuliko haja.

Upande wa mashariki barabara kuu hulifuata bonde la Romanche, hupita kwenye mahandaki na kando ya bwawa la Chambon, kisha hufika La Grave, mbele ya mlima Meije wenye barafu, na hatimaye Lautaret, mita 2,058. Hapo pana bustani ya mimea ya milimani iliyoanzishwa mwaka 1899, na hapo ndipo njia inapogeuka kushoto kwa kilomita 8 na nusu hadi Galibier, mita 2,642, pito ambalo mashindano yalilivuka mara ya kwanza mwaka 1911. Theluji hulifunga tangu vuli hata mwanzo wa kiangazi.

Lakini milima haijatia saini mkataba wa kudumu na mtu. Mwaka 2015 ubavu wa mlima ulisogea juu ya handaki la Chambon, barabara ikafungwa, na mashindano yenyewe yakalazimika kuiacha Galibier na kupita Croix de Fer. Juni 2024 mafuriko yaliiharibu vibaya La Bérarde, kitongoji kilichoko mwisho wa bonde la Vénéon, ambako barabara nyembamba ilikuwa ikiwafikisha wapandaji baiskeli na wakwea milima kwa pamoja.

Basi anayekusudia kwenda na ajitayarishe kwa adabu. Aondoke alfajiri, maana mchana jua likipasha miteremko upepo huvuma na ngurumo huja kwa haraka. Achukue gia nyepesi kuliko anayodhani inamtosha, taa kwa ajili ya mahandaki, na koti la kuteremkia, kwa kuwa jasho la mpando hugeuka baridi kali katika mteremko. Breki asizishike mfululizo, bali azikaze kabla ya kona na kuziachia. Na asione haya kwenda polepole, kwa sababu aendaye kwa gari huziona kona tu, bali apandaye kwa nguvu za miguu yake huihisi kila mita ambayo wajenzi waliikata. Na kuitambua kazi ya waliotutangulia, kwa mwili na kwa akili pia, ni heshima kubwa tuwezayo kuwapa.