Jinsi Rubani Anavyotua Asipoiona Nchi

Watu wa Temeke na Kinondoni wamezoea kusikia mvumo wa ndege usiku na mchana. Katika miezi ya masika, mawingu yakitanda na mvua kubwa ikinyesha, mvumo husikika juu lakini ndege yenyewe haionekani. Ikiwa sisi tulio chini hatuioni, rubani naye haioni nchi. Walakini baada ya dakika chache ndege hutua salama katika kiwanja cha Julius Nyerere. Leo nataka kuwaeleza jambo hilo hufanyika namna gani, na hatari yake iko wapi.

Kiwanja hicho kina njia kubwa ya kutulia ndege. Kwa ndege ijayo kutoka kusini-magharibi njia hiyo huitwa 05. Namba hii ni ya dira: maana yake ni digrii 50 hivi, na sifuri ya mwisho imeachwa. Kwa ndege ijayo kutoka upande wa pili, njia ile ile huitwa 23, yaani digrii 230.

Manahodha wa pwani wajua kwamba penye mlango mwembamba wa bandari huwekwa alama mbili, moja nyuma ya nyingine. Nahodha akiona zimelingana, yumo katika mkondo; zikiachana, amepotoka. Ndege nayo ina alama za namna hiyo, ila hazionekani kwa macho, maana ni mawimbi ya redio. Mtambo mmoja uliopo mwisho wa njia hutuma mawimbi ya aina mbili, aina moja ikizidi nguvu upande wa kushoto na ya pili upande wa kulia. Mtambo mwingine ulio kando ya njia hufanya vivyo hivyo kwa juu na chini. Chombo kilichomo katika ndege hulinganisha nguvu za mawimbi hayo, kisha humwonyesha rubani kama amekwenda kombo, au yuko juu mno, au chini mno. Mteremko wa kawaida ni digrii 3. Yaani kwa kila kilometa 1 ndege hushuka meta 52 hivi.

Pamoja na chombo hicho, ndege kubwa za siku hizi zina kompyuta ya safari. Ndani yake yamehifadhiwa majina ya viwanja, namba za njia, na majina ya vituo vya kupitia angani. Rubani huandika jina la kiwanja, njia atakayotulia, na vituo vilivyo katikati. Kompyuta huipanga safari, na mtambo wa kuongoza ndege huifuata. Hapo ndipo penye hatari, maana kompyuta hutii amri iliyo mbaya kama itiivyo amri iliyo njema.

Sikilizeni mfano. Usiku wa tarehe 20 Desemba 1995 ndege aina ya Boeing 757 iliyotoka Miami ilikuwa karibu kutua Cali, katika nchi ya Kolombia. Marubani walikubali kubadili njia ya kutulia, wakawa na haraka. Walitaka kwenda katika kituo kiitwacho Rozo kilicho karibu na Cali, wakaandika herufi R tu. Kompyuta ikachagua kituo kingine kiitwacho Romeo, kilicho karibu na Bogotá, mbali sana na hapo. Ndege ikageuka kushoto kuelekea milimani, huku ikiendelea kushuka gizani. Marubani walipotambua walijaribu kurudi, lakini ndege ikaupiga mlima. Katika watu 163 waliokuwamo, walipona 4 tu.

Wala msidhani kwamba macho peke yake yatosha. Tarehe 18 Desemba 2013 ndege ya abiria ya Shirika la Ethiopia, iliyokusudia kutua Kilimanjaro, ilitua katika kiwanja cha Arusha, umbali wa kilometa 50 hivi upande wa magharibi. Njia ya Kilimanjaro ina meta 3,600; ya Arusha wakati ule ilikuwa na meta 1,600 hivi, nayo haikujengwa kwa ndege kubwa kama ile. Tena njia zote mbili zina namba zile zile, 09 na 27. Ndege ilitoka nje ya lami ikaingia majanini, ila kwa bahati njema hakuna aliyeumia.

Kwa hiyo sheria ya kazi ni kwamba jicho na chombo vishuhudiane. Wahenga walisema, nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa sababu hiyo marubani wawili hugawana kazi. Mmoja huiongoza ndege, wa pili hutazama vyombo na kusema kwa sauti aonayo. Mmoja akibadili neno katika kompyuta, mwenziwe hulisoma na kulilinganisha na ramani kabla halijakubaliwa. Njia ikibadilishwa ghafula na nafasi ya kuhakikisha haipo, rubani mwema huomba muda wa kuzunguka juu kwanza.

Mwisho wa yote kuna kipimo kisichovukwa. Kwa kutua kwa kawaida kwa kufuata mawimbi hayo, ndege ikifika meta 60 hivi juu ya nchi, rubani lazima awe ameziona taa za njia au njia yenyewe. Hapo zimebaki sekunde zisizofika 20. Asipoona kitu, hana ruhusa ya kubahatisha. Huongeza nguvu za injini na kupaa tena, kisha hujaribu mara ya pili au huenda kiwanja kingine.

Basi, siku mtakapokuwa safarini, na ndege iliyokuwa karibu kugusa nchi ikanguruma na kupanda juu tena, msishikwe na hofu, wala msiseme kwamba rubani ameshindwa. Huenda hakuwa na hakika, akakataa kuyatia maisha yenu katika bahati nasibu.