Vifaru Vyasimama, Lori Halijarudi

Ilikuwa wiki ya sita ya vita, mwishoni mwa Julai 1941, kwenye ramani ya kompyuta yangu. Vifaru vyangu vilishaupita mji wa Smolensk na njia ya Moscow ilikuwa nyeupe. Nikaigusa divisheni iliyotangulia ili niisogeze, haikwenda. Kutazama hesabu yake: askari wamo, vifaru vimo, ari ipo. Mafuta hakuna.

Mchezo wenyewe ni Gary Grigsby's War in the East 2, uliotoka mwaka 2021, unaoiga vita vya Wajerumani na Wasovieti. Ramani yake imekatwa vipande vya pembe sita, kila kimoja kikiwa na upana wa kilomita 16 hivi, na kila zamu ni wiki moja. Anayeanza huhangaika na mashambulizi. Aliyekwisha kuumia huanza na bohari.

Bohari haifunguliwi popote. Inataka stesheni ya reli au bandari. Treni hushusha shehena hapo, kisha malori yanaifikisha kwa vikosi. Kila bohari hupewa daraja la kipaumbele, kuanzia 0 hadi 4. Mimi nilizipa zote daraja la 4, la juu kabisa, nikidhani nawatendea haki askari wote. Kumbe nilikuwa nawanyima. Shehena ilitawanyika mji kwa mji, reli ikaelemewa, na bohari iliyokuwa nyuma ya vifaru ikaambulia makombo. Sasa bohari mbili tatu ndizo hupata daraja la juu. Nyingine husubiri, hata ikiniuma.

Hesabu ngumu zaidi ni ya lori. Lori likienda linaunguza mafuta, likirudi linaunguza mengine, na mafuta hayo ni yale yale yanayosubiriwa mbele. Umbali ukiwa mara mbili, safari zake kwa wiki zinabaki nusu. Mvua za Oktoba zikinyesha, barabara ya udongo inakuwa tope, na malori yanaharibika njiani.

Dawa ni kuisogeza reli karibu na vita. Lakini reli ya Kisovieti ilikuwa na upana wa milimita 1,524, na ya Kijerumani 1,435. Mafundi walilazimika kuing'oa na kuipigilia upya, kilomita kwa kilomita. Kwenye mchezo mafundi hao ni wachache mno, ndiyo maana huwasogeza wao kabla sijagusa kifaru hata kimoja.

Wajerumani wenyewe yaliwafika. Walivuka mpaka wa Kisovieti tarehe 22 Juni 1941 wakiwa askari milioni 3 hivi na farasi zaidi ya 600,000, wakitarajia kumaliza kazi kabla ya majira ya baridi. Desemba iliwakuta mbele ya Moscow, mabomba ya injini zao za treni yakipasuka kwa barafu, na makoti mazito ya askari yakiwa bado yamekwama nyuma.

Sisi somo hili tunalitamka kila siku. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, mzigo ukahamia kichwani mwa mtu. Mpagazi naye sharti ale, na njia ilivyorefuka ndivyo chakula alichobeba kilivyoishia kwa wabebaji wenyewe. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Ni hesabu ile ile ya lori, ila lori halina watu wanaolisubiri nyumbani.

Katikati ya Dar es Salaam sanamu ya kumbukumbu ya vita vile ni ya askari mmoja na bunduki yake. Ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Hesabu ya Nairobi ndiyo iliyotimia.