Simba wa kiroba, Lumumba wa mtumba: Vazi la shabiki wa ziwani halihitaji fungu

KAMA uliangalia mechi za DR Congo kwenye Afcon 2025 kule Morocco, bila shaka kuna muda uliacha kufuatilia mpira ukawa unamwangalia shabiki mmoja tu.

Jamaa kavaa suti yenye rangi za bendera ya nchi yake, miwani usoni, nywele kazikata njia pembeni kama wazee wa zama zile. Kasimama juu kidogo ya wenzake, mkono wa kulia kaunyoosha hewani. Basi. Haimbi, hachezi, hapigi ngoma. Wenzake wanaruka huku na huku, yeye katulia tuli tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho.

Anaitwa Michel Kuka Mboladinga, ila wengi wanamjua kama Lumumba Vea. Anaigiza sanamu ya Patrice Lumumba iliyopo Kinshasa. Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Congo huru, aliuawa Januari 17, 1961. Karibu miaka 65 baadaye shabiki mmoja akamrudisha duniani kwa suti na mkono ulionyooshwa. Congo walitolewa na Algeria kwa bao 1-0 katika muda wa nyongeza hatua ya 16 bora, lakini picha iliyozunguka Afrika nzima ni ya yule aliyesimama jukwaani.

Sasa liangalie lile vazi kwa jicho la mtu mwenye mfuko mwembamba. Koti, suruali, tai, miwani. Ni kipi hapo ambacho hakipatikani kwenye rundo la mtumba?

Hilo ndilo swali la shabiki wa Mwamgongo.

MWEZI MPEVU, FAINALI KIGOMA

Mwamgongo ni kijiji cha wavuvi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini tu mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, kule kwenye sokwe waliompa umaarufu Jane Goodall aliyefika hapo Julai 1960. Ukitoka mjini Kigoma unapanda boti Kibirizi, unaipita hifadhi yote upande wako wa kulia, ndipo unafika. Jezi mpya ya Simba au Yanga nayo inasafiri hivyo hivyo, na kila mkono unaoipokea njiani unaongeza chake juu ya bei.

Kwa hiyo shabiki wa huku ana njia mbili. Anunue jezi, au ajitengenezee kitu cha kumfanya aonekane.

Julai 25, 2021 ilikuwa siku ya kuonekana. Fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ililetwa Uwanja wa Lake Tanganyika, na waliokutana si wengine, ni watani wa jadi. Mukoko Tonombe wa Yanga alilambwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, na kipindi cha pili Taddeo Lwanga akaifungia Simba bao pekee la mechi.

Kuna jambo moja ambalo kalenda ya soka haikulipanga. Mwezi ulikuwa mpevu Julai 24, siku moja tu kabla. Mvuvi wa dagaa anajua maana yake. Dagaa wanavuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi. Boti zinapumzika, nyavu zinashonwa, na mvuvi anapata siku chache za mambo yake. Watani walikuja Kigoma wakati ambao watu wa ziwani wana nafasi.

KABLA YA JEZI KULIKUWA NA BENI

Anayedhani kujipamba kwa ajili ya ushindani kumeletwa na televisheni, amechelewa kwa zaidi ya miaka mia moja.

Miaka ya 1890, kwenye miji ya pwani kama Lamu na Mombasa, ilizuka ngoma ya beni. Jina lenyewe limetokana na bendi. Vijana waliziona bendi za kijeshi za Wazungu, nao wakaunda za kwao. Wakapiga gwaride, wakagawana vyeo, wakashona sare, na juu ya wote wakamweka Kingi. Kina mama nao walikuwa na safu zao na vyeo vyao. Tanganyika ikapata mahasimu wawili wakubwa, Marini na Arinoti. Mji ukigawanyika ulikuwa unagawanyika kwelikweli, kama leo unavyogawanyika kati ya Msimbazi na Jangwani. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia ngoma hiyo kitabu kizima mwaka 1975.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoisambaza beni bara, kwa miguu ya askari na wapagazi. Na ziwa hili liliona sare za kila aina. Mjerumani alikuwa na meli yake Graf von Götzen iliyounganishwa hapa hapa Kigoma, ambayo leo inaitwa Liemba. Mbelgiji alivuka na kuchukua mji mwaka 1916. Mwingereza alileta boti zake mbili, Mimi na Toutou, chini ya Kamanda Geoffrey Spicer-Simson, afisa aliyekuwa akitembea ufukweni upande wa Congo na sketi ya kaki iliyoshonwa na mkewe. Ukiambiwa leo shabiki kaja uwanjani na vazi la ajabu, mkumbuke huyo.

Jambo la kujifunza kwa watu wa beni ni kwamba hawakusubiri wawe na fedha. Kule Malawi, ambako beni ilizaa ngoma ya malipenga, waliokosa tarumbeta za shaba walitengeneza za vibuyu. Mlio ukapatikana na gwaride likaenda.

SIMBA ANATOKA KWENYE KIROBA

Falsafa ya kibuyu bado inafanya kazi. Chukua kichwa cha simba, vazi ambalo halikosi kila watani wanapokutana. Kijijini kama Mwamgongo, vifaa vyake havitafutwi mbali.

Unaanza na dumu kuukuu au ndoo yenye ukubwa wa kichwa. Hiyo ndiyo kalibu. Unaipaka mafuta kidogo, na Kigoma mawese hayajawahi kuwa shida, ili karatasi zisigande. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo. Unachana magazeti ya zamani vipande vyembamba, unavichovya, unavibandika tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likipata muda wa kukauka kabla ya linalofuata. Ukiharakisha, ndani inabaki mbichi na kichwa kinabonyea siku ya mechi. Pua na masikio ni boksi lililokatwa.

Manyoya sasa. Kamba ya katani ikifumuliwa inatoa nyuzi za rangi ya simba mwenyewe. Kiroba kilichochanika nacho kinafumuka uzi kwa uzi. Shingoni na mabegani unashona kipande cha blanketi la mtumba. Tundu za macho ziwe kubwa, maana unakwenda kupanda ngazi za uwanja na kushuka kwenye boti, si kupiga picha tu.

Upande wa pili hauna shida. Njano na kijani ni kitenge na majani. Na ukitaka kumchokoza Yanga, chura wa kijani anatoka kwenye kalibu ile ile ya simba, unabadilisha mdomo na macho tu.

Kosa kubwa linafanyika kwenye ngozi. Rangi ya mafuta, ile ya kupaka milango, si ya uso, na kuitoa kwa mafuta ya taa ni kujiongezea jeraha. Chokaa ya kujengea nayo inaunguza, hasa ikikutana na jasho na macho. Mkaa uliosagwa laini ukachanganywa na mafuta ya kula unatoa weusi safi. Kama huna rangi ya uso, paka rangi kwenye nguo na uache uso wako upumue.

KOMBATI HAPANA

Hapa ndipo shabiki wa leo anapotofautiana na yule wa beni. Beni ilijengwa juu ya sare za jeshi. Leo hii, raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo ni kosa kisheria. Agosti 2023, Jeshi la Wananchi lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya aina hiyo kuyasalimisha.

Kwa Kigoma jambo hili lina uzito wake. Mashujaa FC, timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka huo huo wa 2023 na kuurudishia mkoa mechi za wakubwa, ni timu ya jeshi. Kijana anayeipenda ni rahisi kufikiri kwamba vazi la kuishangilia ni kombati la mabakamabaka aliloliona kwenye mtumba. Asithubutu. Anaweza kutoka nyumbani shabiki akalala kituoni, na nauli ya boti imeliwa bure. Shujaa anaigizwa kwa ngao ya boksi, mkuki wa fimbo laini usio na ncha na taji la kadibodi. Wasimamizi wa mlangoni nao wanaelewa tofauti.

KOFIA YA MGODINI

Vazi la bei chee linaweza pia kuwa kazi. Mwaka 1979, Alfred Baloyi, shabiki wa Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini, alimwona mtu akipigwa na chupa uwanjani. Akachukua kofia ngumu ya kazini ili kulinda kichwa chake, kisha akaichonga na kuipaka rangi za timu. Ikaitwa makarapa. Kombe la Dunia 2010 lilipofika, dunia nzima ilikuwa inaitafuta.

Baloyi alianza na kofia moja, Mboladinga anasimama na suti. Fundi cherehani wa Mwamgongo ana kiroba, kamba na unga wa muhogo, na mwezi ukiwa mpevu muda anao pia. Kilichobaki ni ratiba ya Lake Tanganyika.

Na gazeti hili ukishalisoma usilitupe. Huenda kuna simba mahali bado hana pua.